Muthokoi wa Mtihani

Kila matokeo ya Fomu Foo yakitoka, simu yangu haipumziki. "Madam Mwende, nimesikia wewe ulisomea kudansi chuo kikuu. Ni ukweli?" Ni ukweli. "Na ukalipwa?" Wakati mwingine. "Na siku hizi unafanya nini?" Siku hizi nimestaafu.

Hapo huwa mnacheka, kwa sababu bado sijafika miaka arobaini na meno yangu yote yako. Lakini mchezaji hastaafishwi na serikali, anastaafishwa na goti. Langu la kushoto liliniaga kwenye harusi moja huko Kasikeu, katikati ya wimbo, bibi harusi akiniangalia. Nilimaliza wimbo huo nikiwa nimeketi chini, natikisa mabega peke yake, na watu wakapiga makofi wakidhani ndivyo tulivyopanga. Ndiyo ilikuwa sherehe yangu ya kustaafu. Keki ilikuwa ya wenyewe.

Basi nawaandikia nyinyi vijana wa Kitui na Makueni mnaotaka kusomea maigizo na densi, niwaambie yale ambayo mimi sikuambiwa. Msitarajie niende kwa mpangilio. Hata goti langu haliendi kwa mpangilio.

Kwanza mjue sikuwa mtu wa vitabu. Nilipata C, ile iliyonyooka bila kuongezewa kitu, ndiyo maana nikaingilia mlango wa diploma. Mwaitu, ndivyo tunavyomwita mama, anauza kabeji na maparachichi sokoni Kikima. Nilipompelekea habari kwamba chuo kimenichukua, aliacha kupanga kabeji.

"Ati kozi ya nini?"

"Maigizo na densi, Mwaitu."

"Kudansi? Si wewe hudansi hapa kila siku, hata wateja wakiwa wamesimama? Watakufunza nini kingine?"

"Watanifunza kudansi vizuri."

"Na hii yako mbaya, nani alikuambia ni mbaya?"

Mpaka leo nafikiri hilo ndilo swali zuri zaidi nililowahi kuulizwa kuhusu kozi yangu, na liliulizwa na mtu aliyeshika kabeji.

Siku ya kwanza ya darasa tuliingia ukumbi ambao mchana ulikuwa wa kulia chakula. Viti vimesukumwa ukutani, sakafu inanuka maharagwe. Mwalimu wetu alikuwa Daktari Nduku, mama mfupi mwenye sauti ambayo ingeita watu kutoka ng'ambo ya bonde. Akasema, "Vueni viatu. Laleni chali. Pumueni kwa tumbo." Mimi nilikuwa nimetoka Kikima alfajiri. Nikapumua kwa tumbo kama nilivyoambiwa. Niliposhtuka, darasa zima lilikuwa limenizunguka, na kijana mmoja anauliza, "Daktari, huyu amekufa ama amefaulu?"

Huyo alikuwa Mutinda wa Kasikeu, ambaye angeweza kupiga sarakasi tatu na kusimama bila kuyumba, lakini akipewa mistari ya kusema steji anakauka kama mboga ya Septemba. Tukawa marafiki. Mimi nilimfunza kusema, yeye akanifunza kuanguka.

Kuanguka ni kazi, msikilize hapa. Unaanguka kwa paja na nyama ya makalio, mkono ukifuata nyuma, kama mtu anayekaa mahali ambapo kiti kimeondolewa. Hauanguki kwa goti. Mutinda alinionyesha hivyo muhula mzima. Mimi nikafanya vizuri darasani, lakini nilipotoka kuanza kucheza kwenye mahoteli ya Mombasa Road nikagundua kwamba ukijibwaga kwa magoti juu ya saruji, watu wanapiga kelele za furaha. Nikajibwaga miaka yote. Wale watu walienda nyumbani na furaha yao, mimi nikabaki na goti. Mkitaka kujua kwa nini nimestaafu, ni hapo.

Kingine: msile githeri, yale mahindi na maharagwe, karibu na mazoezi. Mkienda kucheza uwanja wa vumbi, mwageni maji kwanza, la sivyo mstari wa nyuma utawasikia mkikohoa tu. Na hizi simu zenu. Nyinyi mnajifunza hatua kwa video, ni vizuri, sisi tulikuwa tunabishana juu ya kumbukumbu ya mtu mmoja. Lakini kamera ya mbele inageuza picha, kushoto inakuwa kulia. Kuna kikundi nilikifunza, nusu walijifunza kwangu, nusu kwa simu. Siku ya onyesho steji ikawa kama soko mvua ikianza kunyesha. Bega linaanza la kushoto. Hakikisha ni la kushoto lako, si la simu.

Halafu kuna sheria ya Daktari Nduku, ambayo mtaisikia kila mahali mtakapoenda. Usiwape watazamaji mgongo. Mutinda alikuwa na tabia ya kumaliza sarakasi akiangalia pazia. Daktari anapasuka: "Mutinda! Mgongo hauna uso! Watu wametoka kwao kuja kukuona, wewe unawaonyesha zipu?" Sheria hii iliniingia hata nikawa nikimpikia mtu chai nasimama upande ili nisimgeuzie mgongo. Mwaitu aliniuliza kama nimeumia shingo.

Sasa niwaambie kuhusu mtihani wa mwisho, kwa sababu ndio nyinyi huniulizia sana.

Kila mwanafunzi alitakiwa kucheza ngoma moja ya kwao, aliyofunzwa na mtu wa kwao anayeijua, na huyo mtu awepo akiipiga mwenyewe. Spika haikuruhusiwa. Watahini wangekuja nyumbani kwa huyo mtu kutazama. Bila hiyo hakuna kupita, na bila kupita hakuna cheti, hata kama mengine yote umefaulu. Mutinda alikuwa na wajomba wanaopiga ngoma za sarakasi, kwake ilikuwa kazi ya Jumamosi moja. Mimi nilikuwa na mtu mmoja tu duniani.

Susu Kalondu, nyanya yangu, mama ya mama, anakaa Kabati, huko Kitui. Kabla sijazaliwa alikuwa mpigaji wa kilumi anayejulikana. Kilumi ni ngoma ya akina mama wazee, ya mabega na pumzi, ya kuombea mvua na kutuliza wagonjwa. Watu walikuwa wanatoka mbali kumfuata. Kisha akaokoka, akasimama mbele ya kanisa akasema hataipiga tena, na hakuipiga. Yeye ndiye mwenyekiti wa akina mama kanisani. Ile ngoma yenyewe ilikuwa kwenye stoo, imelazwa ubavu, na kuku anataga ndani.

Nilienda Kabati likizo, nikamsalimia, nikakunywa chai, nikamweleza.

"Hapana," akasema.

"Susu, ni mtihani tu."

"Hata sisi tulikuwa tunasema ni mvua tu."

"Hutaamini chochote. Utapiga tu."

"Mwende, mama yangu." Huniita hivyo kwa sababu nimechukua jina la mama yake. "Ile ngoma nilimpa Mungu. Mimi nikishapeana kitu siendi kubisha hodi nikikidai. Sasa huyo kuku naye utamwambia aende wapi?"

Nilicheka, halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikalia. Na nataka mjue sikulia kwa hasira. Nililia kwa sababu alikuwa na haki yake na mimi nilikuwa na shida yangu, na sikuona mahali ambapo vyote viwili vingekaa pamoja. Neno lake kanisani lilikuwa limekaa miaka mingi kuliko umri wangu. Nani aniambie diploma yangu ni kubwa kuliko hilo?

Susu alinisikia nikipenga kamasi. Susu haamini katika kubembeleza, anaamini katika kazi. Akaniita, akaniwekea mahindi kwenye kinu, akanyunyiza maji kidogo, akanipa mchi. "Twanga muthokoi. Ukimaliza huzuni itakuwa imepungua, na tutakuwa na chakula."

Kwa wale wa mjini mliozaliwa mkipata muthokoi umefungwa kwa paketi: ni mahindi yanayotwangwa mpaka ganda la nje litoke na punje ibaki nzima. Ukipiga kwa nguvu sana unapata unga. Ukipiga kwa uoga ganda halitoki. Mimi nilipiga kwa huzuni, na mahindi yakaruka mpaka kwa jirani.

"Sasa unalisha kuku wa Mama Kioko," akasema Susu. Akachukua mchi mwingine, akasimama ng'ambo ya kinu, uso kwa uso na mimi. "Usipige kinu. Sikiza mchi wangu, halafu uweke wako kwa nafasi inayobaki."

Tukaanza. Wake unashuka, wangu unapanda. Mwanzo tuligongana mara kadhaa, akawa anasema "Aa-a" kila tukigongana. Kisha tukaacha kugongana. Kisha wake ukabadilika. Ukaanza kushuka mara mbili haraka, ukangoja kidogo hewani, ukashuka mara moja nzito. Na bega langu la kushoto likaondoka lenyewe. Mimi sikulituma. Nikajua bila kuambiwa na mtu kwamba hii ndiyo ile.

"Susu," nikasema polepole, "hii si ni..."

"Hii ni muthokoi."

Alikuwa anaangalia ndani ya kinu, uso wake mtulivu kabisa, kama mtu aliyeacha geti wazi na hataki kuulizwa kama alisahau.

Likizo hiyo tulitwanga mahindi ya kulisha shule. Majirani walipata, Mwaitu alitumiwa gunia Kikima akapiga simu kuuliza kama kuna kilio. Kila jioni, kabla ya kupika, tunatwanga. Susu hakusema neno moja kuhusu kilumi. Alisema vitu kama, "Pumua kabla mchi haujafika juu," au "Shingo si yako, ni ya bega," au "Usitabasamu, unatwanga, hupigwi picha." Nikiweka mchi chini nikacheza yeye akitwanga peke yake, alijifanya haoni. Lakini nikikosea alisema "Aa-a."

Siku moja nikapata ujasiri. Nikamwambia kwamba sheria za mtihani zinasema mtu wa kwangu aipige ngoma, hazisemi aipige kwa nini. Kwa nini isiwe kinu?

Jumapili Susu akavaa kitambaa chake cheupe, na baada ya ibada akamfuata Pasta Njoroge, mimi nyuma yake. Pasta alikuwa kijana wa Murang'a aliyeletwa Kabati, mpole sana, bado akituita sisi wote "majirani". Susu hakumzunguka. Akamweleza yote: kilumi ni nini, alichoahidi ni nini, na sasa kuna mjukuu na kinu.

"Pasta, kutwanga ni dhambi?"

Pasta akafikiri. Angeweza kusema ndiyo au hapana akaenda zake kula. Akasema, "Mama, kutwanga si dhambi. Lakini mimi sioni kilicho ndani ya mchi wako. Wewe unaona. Nenda ukaongee na Mungu, na atakachokuambia usinieleze mimi, mweleze huyu mtoto, kwa sababu ndiye anangoja."

Susu alikaa na jambo hilo siku nyingi. Sikumwuliza. Nilishazoea wazo la kurudi Kikima kupanga kabeji, hata nikaanza kujiambia kwamba kabeji ni nzuri. Kisha asubuhi moja akiwa anapepeta, bila kuinua macho kutoka kwa ungo, akasema, "Nitatwanga. Sitaimba. Na hao watu wako sitawaangalia. Mimi nitaangalia kinu na wewe."

Ningeyasikiliza vizuri hayo maneno ya mwisho ningejiepushia aibu.

Siku ya mtihani Daktari Nduku alikuja na mtahini wa nje, mzee mpole aliyevaa koti kwenye joto la Kabati. Viti vya plastiki viliazimwa kanisani. Akina mama wa kanisa walikuja wote, wengine kumtia Susu moyo na wengine, tuseme ukweli, kuhakikisha. Mama Kioko jirani alishika mchi wa pili. Pasta Njoroge alisimama nyuma karibu na tangi la maji. Mutinda alitoka Kasikeu kwa ajili yangu, akakaa chini mbele kabisa.

Susu akanyunyizia mahindi maji. Akaanza. Mama Kioko akaingia kwenye nafasi inayobaki. Mimi nikangoja, kama nilivyofunzwa, mpaka bega lenyewe litake, na likataka. Nikaanza mbele ya kinu nikimwangalia Susu, na ilikuwa tamu, jamani. Kisha kwa upande wa jicho nikaona vile viti. Nikamkumbuka Mutinda na zipu. Nikasikia kichwani, mgongo hauna uso! Nikageuka nikawapa watahini uso wangu wote na tabasamu juu, na Susu nikampa mgongo.

Mchi ukanyamaza.

Mama Kioko akapiga mara moja zaidi peke yake, akaona aibu, akanyamaza pia. Mimi nilikuwa nimebaki na bega moja juu. Mmoja wa akina mama akamwita Mungu, "Ngai!" Nikadhani imeisha. Nikadhani Mungu amemwambia Susu aache, pale pale, mbele ya watu.

Nikageuka. Susu alikuwa ameegemea mchi wake kama mtu aliyesimama kituoni.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Hapana, Susu."

"Mbona umeenda?"

"Sijaenda, nimewageukia wageni."

"Wageni ndio wanatwanga?" Akasema kwa upole, lakini uwanja wote ulisikia. "Mimi nikikuona bega najua nilete nini. Ukinipa mgongo nampigia nani? Rudi hapa."

Watu wakacheka, kicheko kile cha nyumbani kisichoumiza. Mutinda alikuwa amejifunika uso kwa mikono. Nikamtazama Daktari Nduku nikijua nimevunja ama sheria yake ama ya nyanya yangu, na hakuna ya tatu. Daktari alikuwa ameacha kuandika. Akainuka. Akashika kiti chake cha plastiki, akakibeba akizunguka uwanja, akapita tangi la maji, akakiweka upande wa pili nyuma ya Susu, ambapo angeniona uso. Akaketi.

"Endeleeni, mama," akasema.

Mzee wa koti akamwangalia, akainua chake pia. Halafu uwanja wote ukahama, akina mama na viti vyao, Mutinda akitambaa, Pasta akimsaidia mzee mmoja. Susu alingoja mpaka wametulia. Kisha mchi ukashuka mara mbili haraka, ukangoja hewani, ukashuka mzito, na nikacheza kilumi mpaka mahindi yote yakatoka ganda. Sikutabasamu. Susu alikuwa ananiangalia muda wote, na mara moja, katikati, bega lake mwenyewe lilienda. La kushoto. Akalirudisha haraka kama mtu anayevuta kanga iliyoteleza.

Nilipita. Daktari Nduku aliniambia amenikata alama pale niliposimama na bega moja hewani, na ni haki. Sheria yake hakuifuta, bado anawafunza wanafunzi wake, na mimi pia nawafunza wangu. Nimeongeza tu swali moja kabla yake: kwanza angalia ni nani anakupigia.

Lakini kilichokuwa kinaniuma siku ile haikuwa alama. Nilikuwa nawaza Jumapili. Nilikuwa nimempeleka Susu mpaka ukingoni, na ni yeye angeingia kanisani, si mimi. Jioni ile tulipepeta ule muthokoi wa mtihani, tukauanika, na Jumamosi Susu akauchemsha na mbaazi katika sufuria lake kubwa kabisa, Jumapili akaubeba kwenda chakula cha ushirika baada ya ibada. Hakuulizwa kitu na mtu. Akawapakulia wote, na yule aliyesema "Ngai!" akampa kijiko cha ziada.

Pasta Njoroge alikula, akarudi na sahani yake kama mtu ambaye siku ya mtihani hakuwepo. Mtu wa githeri yule, kwao mahindi hupikwa na maganda yake, alikuwa bado anatafuta jina la kile alichokuwa anakula.

"Mama Kalondu, huu umetwangwa vizuri sana. Nani ametwanga?"

Susu alipangusa mikono kwa leso, akanishika bega la kushoto mbele ya kanisa zima, mimi ambaye siku ile sikugusa mchi.

"Huyu," akasema. "Alisomea chuo kikuu."